Milner, kiungo aliyekataa kuchoka

Wapenzi wa kandanda katika mwambao wetu, kuanzia Lamu hata Vanga, wana desturi ya kuwagawa wachezaji mafungu mawili. Kuna wale ambao majina yao huchorwa migongoni mwa fulana na ubavuni mwa matatu, na kuna wale ambao hukumbukwa siku wasipokuwapo uwanjani, timu ikaanza kuvuja kama dau lililokosa kalafati. James Milner, mzaliwa wa mji wa Leeds huko kaskazini mwa Uingereza, ni wa fungu la pili. Hana chenga za kuwainua watu vitini, wala hakuwahi kutajwa katika orodha za wachezaji bora wa dunia. Lakini tangu mwaka 2002, alipoingia uwanjani akiwa mwanafunzi aliyetoka kumaliza masomo yake, hata mwaka 2025 alipofunga bao akiwa na miaka 39, hapakuwa na msimu mmoja wa Ligi Kuu ya Uingereza uliopita bila ya yeye kugusa mpira.

Jambo hilo si dogo. Mchezo wa leo ni wa mbio, na miguu ya kijana wa miaka 22 ndiyo inayotafutwa. Mchezaji akifika 30 huanza kuitwa mzee. Akifika 34 aghalabu huonyeshwa mlango. Basi yafaa tujiulize: mtu huyu aliwezaje kudumu, na kwa nini kudumu kwake hakukumpa jina kubwa?

KIJANA ALIYEUZWA KWA DENI

Milner alizaliwa tarehe 4 Januari 1986. Nyumbani kwao walikuwa mashabiki wa Leeds United, na yeye mwenyewe alikuwa akiokota mipira pembeni mwa uwanja wa Elland Road kabla ya kuucheza mpira huo ndani yake. Klabu ilimchukua katika chuo chake cha vijana akiwa na miaka 10. Shuleni hakuwa mpiga mpira tu. Alikuwa mkimbiaji wa mbio ndefu na fupi na mchezaji wa kriketi, na mitihani yake aliipita vizuri.

Tarehe 10 Novemba 2002 kocha Terry Venables alimwingiza uwanjani dakika za mwisho Leeds ilipocheza na West Ham mjini London. Alikuwa na miaka 16 na siku 310. Mwezi uliofuata, tarehe 26 Disemba, Leeds ilikwenda Sunderland. Harry Kewell akaumia, na kijana akaitwa achukue nafasi yake. Siku hiyo alifunga bao, na akawa mfungaji mdogo kuliko wote katika historia ya Ligi Kuu hadi wakati ule: miaka 16 na siku 356. Aliyekuwa akiishika rekodi hiyo kabla yake ni Wayne Rooney, na ilikuwa haijatimiza hata miezi mitatu. Milner naye aliipoteza mwaka 2005 kwa James Vaughan wa Everton.

Waama, furaha hiyo ilimkuta nyumbani mwenye nyumba keshafilisika. Leeds ilikuwa imefika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya mwaka 2001, nayo ilikopa fedha nyingi kwa kutumainia mapato ya miaka ijayo, kama mtu akopaye harusi kwa samaki ambao bado wamo baharini. Mapato hayakuja. Ikabidi wachezaji wauzwe mmoja mmoja: Rio Ferdinand akaenda Manchester United, Robbie Keane akaenda Tottenham, Jonathan Woodgate akaenda Newcastle, na Kewell akaenda Liverpool. Mwaka 2004 timu ikashuka daraja. Ilichukua miaka 16 kurudi Ligi Kuu.

Milner hakutaka kuondoka. Lakini aliambiwa kuwa fedha za kumuuza zinahitajika ili klabu isife. Julai 2004 akapelekwa Newcastle, naye alikuwa na miaka 18. Fikiri, msomaji, kijana anayeipenda timu kwa moyo wake wote, aliyeipigia makofi tangu yu mtoto, halafu anaambiwa ya kuwa njia bora ya kuisaidia ni kuihama. Hakupiga kelele wala hakwenda magazetini kulalama. Alifunga virago vyake akaenda.

MANENO YA SOUNESS

Huko Newcastle alipokewa na kocha mkongwe Sir Bobby Robson. Kabla ya miezi miwili kutimia, Robson akafukuzwa kazi, na mahali pake akaja Graeme Souness. Souness mwenyewe alikuwa kiungo hodari wa Liverpool, aliyetwaa ubingwa wa Uingereza mara 5 na Kombe la Ulaya mara 3. Huyu ndiye aliyenukuliwa akisema ya kwamba timu iliyojaa akina James Milner haiwezi kutwaa ligi.

Maneno hayo yalimwandama Milner kwa miaka mingi. Yalikuwa maneno ya dharau, hata kama hayakukusudiwa hivyo. Yalimaanisha kuwa huyu ni mtu wa kazi tu, ni kibarua, na vibarua hawajengi kasri. Mwaka 2005 alipelekwa Aston Villa kwa mkopo wa msimu mmoja, akiwa sehemu ya mapatano yaliyomrudisha Newcastle Nolberto Solano wa Peru. Mwaka 2006 alikaribia kuhamia Villa moja kwa moja. Mambo yote yalikuwa tayari, yeye mwenyewe amekwisha fika, ndipo Newcastle ikabadili nia saa za mwisho na kumwita arudi. Akarudi, akacheza misimu miwili zaidi.

Agosti 2008 ndipo Villa ilipomnunua kwa pauni milioni 12. Hapo yataka tusimame kidogo, kwa maana ndipo maisha yake yalipogeuka. Hata wakati huo Milner alikuwa winga, mtu wa pembeni. Katikati ya Villa alikuwapo Gareth Barry, kiungo mtulivu aliyekaa klabuni hapo zaidi ya miaka kumi. Katikati ya mwaka 2009 Barry aliuzwa Manchester City. Kocha Martin O'Neill akatazama huku na huku, akamtoa Milner pembeni, akamweka pale alipokuwa Barry. Winga akawa kiungo. Msimu huo ulipokwisha, wachezaji wenzake wa Uingereza walimpigia kura kuwa mchezaji bora kijana wa mwaka 2010. Agosti mwaka huo huo Manchester City ikamnunua kwa thamani ya pauni milioni 26, ikiwa ni pamoja na mchezaji Stephen Ireland aliyekwenda Villa kwa mabadilishano. Milner na Barry wakakutana katika timu moja.

Kwa hesabu ya mataji, Milner aliwahi kuyajibu maneno ya Souness mara tatu. Alikuwa bingwa wa Ligi Kuu na Manchester City mwaka 2012 na 2014, kisha na Liverpool mwaka 2020. Lakini haki ni kusema yote. Siku ile mashuhuri ya tarehe 13 Mei 2012, City ilipoifunga Queens Park Rangers mabao 3 kwa 2 na Sergio Agüero akafunga la ubingwa katika dakika za nyongeza, Milner hakucheza hata dakika moja. Alikuwa benchi. Dunia nzima inalikumbuka bao lile. Ni wachache wanaokumbuka ya kuwa mmoja katika waliolibeba taji hilo mwaka mzima alilitazama likifungwa akiwa amekaa.

FULANA YA KILEO

Jambo moja katika maisha ya Milner litawapendeza wasomaji wetu wengi. Yeye si Mwislamu, lakini hajawahi kunywa pombe maishani mwake. Mtu asiyejua mambo ya mpira wa Uingereza anaweza kuliona hili dogo. Lakini huko pombe na kandanda vililelewa katika chano kimoja.

Tazama mifano. George Best, yule fundi wa Belfast aliyeng'ara na Manchester United, alifariki mwaka 2005 akiwa na miaka 59 baada ya kuteswa na ulevi miaka mingi. Tony Adams, nahodha wa Arsenal na Uingereza, alifungwa jela mwishoni mwa mwaka 1990 kwa kosa la kuendesha gari amelewa. Mwaka 1996 alitangaza hadharani kuwa ni mgonjwa wa pombe, na mwaka 2000 akaanzisha kituo cha kuwasaidia wanamichezo wenye maradhi kama yake. Ligi Kuu yenyewe iliitwa kwa jina la bia kuanzia mwaka 1993 hata 2001, na Kombe la Ligi likaitwa kwa jina la bia hiyo hiyo kuanzia 2003 hata 2012. Na fulana aliyoivaa Milner siku alipofunga bao lake la kwanza, mtoto wa miaka 16, ilikuwa na jina la kileo cha tufaha kifuani. Alilibeba jina la kileo juu ya kifua ambacho kileo hakikupata kuingia.

Si kwamba aliwahubiria wenziwe. Mchezaji asiyekunywa katika timu inayosherehekea kwa kunywa huweza kuonekana mtu mkavu, na Milner alitaniwa sana. Katika mtandao kulizuka mtu asiyejulikana aliyejifanya kuwa yeye, akiandika visa vya uongo vya Milner anayepiga pasi nguo na kupika chai ilhali wenziwe wako starehe. Mamia ya maelfu ya watu walisoma na kucheka. Milner mwenyewe alicheka nao, na hatimaye akafungua ukurasa wake wa kweli, akajitania kuliko walivyomtania wao.

Katika City alikuwa pamoja na Yaya Touré wa Ivory Coast, Mwislamu. Tarehe 6 Mei 2012, baada ya City kushinda 2 kwa 0 huko Newcastle na Touré kufunga mabao yote mawili, alikabidhiwa chupa ya shampeni mbele ya kamera kama mchezaji bora wa siku. Akaikataa kwa upole, akasema yeye hanywi kwa kuwa ni Mwislamu, akampa mwenzake Joleon Lescott. Baada ya hapo desturi ya kutoa chupa iliachwa, na tuzo ndogo ya kuweka kabatini ikashika nafasi yake. Hivyo katika timu moja walikuwamo watu wawili, mmoja kwa dini yake na mwengine kwa nia yake, waliofika kileleni mwa mchezo huo bila ya kugusa chupa. Kijana wa Likoni au Malindi anayedanganywa ya kuwa hawezi kuwa mwanamichezo mkubwa mpaka awe mtu wa ulevini, na awatazame hao.

ANFIELD NA USIKU WA RAMADHANI

Mwaka 2015 mkataba wake na City ulikwisha. Alitaka kucheza zaidi, na kucheza katikati, si kuzibishwa mapengo. Akaenda Liverpool bila ya ada ya uhamisho. Msimu wa 2016-17 kocha Jürgen Klopp akamweka beki wa kushoto, yeye ambaye mguu wake ni wa kulia! Alicheza hapo msimu mzima. Ukimhesabia nafasi alizowahi kuzishika ni winga wa kulia, winga wa kushoto, kiungo wa kati, beki wa pande zote mbili, na hata mshambuliaji wa mbele pale City msimu wa 2014-15. Kila msimu mpya ulipoanza pale Liverpool, wachezaji hupimwa mbio na pumzi, na mara kwa mara aliyebaki wa mwisho akikimbia ni Milner, akiwaacha vijana waliokuwa watoto wachanga alipokuwa yeye akisoma.

Msimu wa 2017-18 alitoa pasi 9 za mabao katika Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, idadi ambayo ilikuwa rekodi ya msimu mmoja. Mbele yake walikuwapo Mohamed Salah wa Misri, Sadio Mané wa Senegal na Roberto Firmino wa Brazil, na watu waliwaimba watatu hao. Fainali ilichezwa Kyiv, na Real Madrid ikashinda 3 kwa 1.

Mwaka uliofuata ndio wa kukumbukwa, hasa kwetu sisi. Tarehe 1 Mei 2019 Liverpool ilifungwa 3 bila na Barcelona katika nusu fainali ya kwanza. Mchezo wa marudiano ulikuwa tarehe 7 Mei, na Ramadhani ndiyo kwanza imeingia. Hapa mwambaoni mchezo ulianza saa nne za usiku, watu wametoka kuswali tarawehe. Salah na Firmino walikuwa majeruhi. Hapakuwa na aliyetarajia kitu.

Dakika ya 7 akafunga Divock Origi, ambaye ni mzaliwa wa Ubelgiji lakini baba yake, Mike Okoth, aliichezea timu yetu ya taifa ya Kenya. Wakati wa mapumziko beki wa kushoto Andrew Robertson alishindwa kuendelea kwa kuumia. Klopp hakuingiza beki. Alimtoa Milner katikati akamrudisha nyuma kushoto, na katikati akamweka Georginio Wijnaldum. Wijnaldum akafunga mawili ndani ya dakika tatu. Dakika ya 79 Trent Alexander-Arnold akapiga kona ya haraka Barcelona wangali wamezubaa, na Origi akamaliza kazi: 4 bila. Filimbi ilipolia, Milner, mtu anayesemwa kuwa hana hisia, alionekana akitokwa na machozi uwanjani.

Wengi walimsifu Wijnaldum, na alistahili. Lakini Wijnaldum asingelipata nafasi ile ya katikati lau si mtu wa pili aliyekubali kurudi nyuma bila ya kununa, akawa anawakabili washambuliaji wa Barcelona katika nafasi isiyokuwa yake. Ndipo nilipotunga ubeti huu:

Mwenye kufunga mabao, jina lake hutajika,
Mlinzi wa nyuma yao, nani atamkumbuka?
Watu hutazama ngao, mikono ikiinuka,
Nguzo haina kelele, na nyumba yasimamika.

Fainali ilichezwa Madrid tarehe 1 Juni, Ramadhani ikiwa katika kumi lake la mwisho. Liverpool ilishinda 2 kwa 0, Salah akifunga kwa penalti na Origi akaongeza la pili. Milner aliingia kipindi cha pili. Benchi la Tottenham alikuwapo Mkenya mwengine, Victor Wanyama, lakini hakupata kucheza. Hivyo usiku ule damu ya Kenya ilikuwa pande zote mbili.

Baadaye zikaja Kombe la Klabu Bingwa Duniani mjini Doha Disemba 2019, Ligi Kuu mwaka 2020, kisha Kombe la FA na Kombe la Ligi mwaka 2022, yote mawili kwa penalti dhidi ya Chelsea. Mwaka huo huo wa 2022 alipewa nishani ya MBE na serikali ya Uingereza kwa huduma yake katika mpira na katika misaada. Alipoondoka Liverpool mwaka 2023 alikuwa ameichezea michezo 332.

TIMU YA TAIFA

Kwa Uingereza alicheza michezo 61 kati ya 2009 na 2016, na bao lake ni moja tu, dhidi ya Moldova mwaka 2012. Alikwenda Kombe la Dunia mara mbili na Kombe la Ulaya mara mbili. Kule Afrika Kusini mwaka 2010 alianza mchezo wa kwanza na Marekani ilhali ametoka kuugua, akatolewa baada ya nusu saa tu. Wengi walidhani safari yake imekwisha. Lakini katika mchezo wa tatu na Slovenia alirudi, akachonga krosi kutoka kulia na Jermain Defoe akafunga bao pekee lililoivusha Uingereza. Kisha Ujerumani ikawatandika 4 kwa 1. Uingereza ya siku zile ilikuwa na majina makubwa na matokeo madogo, na Milner alipokea sehemu yake ya lawama kama wengine.

MGUU USIOINUKA

Mwaka 2023 alijiunga na Brighton, mji wa pwani ya kusini, akiwa na miaka 37. Januari 2024 aliipita idadi ya michezo 632 ya Ryan Giggs, akawa wa pili katika historia ya Ligi Kuu. Kocha aliyekuja hapo katikati ya mwaka 2024, Fabian Hürzeler, alizaliwa mwaka 1993. Milner alipocheza mchezo wake wa kwanza na Leeds, mwalimu wake huyu alikuwa mtoto wa miaka 9. Wazee wetu husema elimu haina mzee. Milner alimwita kocha, akamtii.

Kisha ukaja mtihani. Mwisho wa Agosti 2024 aliumia, akapasuliwa goti, na mshipa wa fahamu ukadhurika. Kwa miezi mingi hakuweza kuuinua unyayo wake. Hapo tusizungumze habari ya kucheza mpira; mtu asiyeinua unyayo hujikwaa hata kwenye jamvi. Alikuwa anakaribia miaka 39, mwenye mataji mengi makubwa, mwenye mali ya kumtosha. Angesema basi, nani angelimlaumu? Hata daktari hakuwa na njia ya kuuharakisha mshipa. Mshipa hupona kwa wakati wake, au haupone. Milner akawa anakwenda mazoezini kila siku kufanya kazi ambayo matunda yake hayaonekani kwa macho, akingoja kidole kimoja kitikisike.

Mei 2025 alirudi uwanjani kwa dakika chache. Akaongezewa mkataba wa mwaka mmoja, na msimu wa 2025-26 ukawa wa 24 kwake katika Ligi Kuu, pasipo kukatika hata mmoja.

Kabla ya msimu huo kuanza, tarehe 3 Julai 2025, Diogo Jota wa Ureno, aliyecheza naye Liverpool, alifariki pamoja na ndugu yake katika ajali ya gari huko Uhispania. Alikuwa na miaka 28, ameoa rasmi siku chache tu zilizopita, na ameacha watoto watatu. Liverpool iliistaafisha nambari yake, 20. Milner kule Brighton alikuwa akivaa nambari 6. Akaiacha, akaomba 20, apate kuivaa kwa ajili ya mwenzake.

Tarehe 31 Agosti 2025 Manchester City ilikuja Brighton ikiongoza kwa bao la Erling Haaland. Milner akaingizwa kipindi cha pili. Penalti ikatolewa, na mzee akauchukua mpira mbele ya klabu iliyowahi kumweka benchi siku ya ubingwa. Akafunga, akashangilia kwa namna aliyokuwa akishangilia Jota. Brighton ikashinda 2 kwa 1. Alikuwa na miaka 39 na siku 239, na siku ile hapakuwa na mfungaji mkubwa kuliko yeye katika historia ya Ligi Kuu isipokuwa Teddy Sheringham, aliyefunga akiwa na miaka 40. Katika orodha ya wadogo alikuwa wa pili. Katika orodha ya wazee pia akawa wa pili. Baina ya bao la Sunderland na bao lile ilipita miaka 22 na miezi 8, na katika michezo yote ya Ligi Kuu aliyofunga baina ya siku hizo mbili, timu yake haikufungwa hata mara moja.

Msimu huo wa 2025-26 ulipofunguliwa Milner alikuwa na michezo 638 ya Ligi Kuu. Aliyekuwa mbele yake ni mmoja tu, mwenye 653: Gareth Barry, yule yule ambaye Milner alikirithi kiti chake Aston Villa mwaka 2009. Hata yeye Barry, mkitazama barazani, ni wangapi wenye fulana ya jina lake? Viungo wawili hawa hawakugombewa na watoto wa mitaani, lakini makocha waliwaandika katika karatasi zao wiki baada ya wiki, mwaka baada ya mwaka. Basi ndugu zangu mnaobishana kila Jumamosi kabla ya mpira kuanza, nani mkubwa na nani mdogo, mtakapomaliza kuwataja wafungaji wenu, ulizeni pia ni nani aliyerudi nyuma kushoto siku ile beki alipoumia.